Sabufa sebuleni: Sauti safi kwa bei nafuu bila kuumiza masikio ya watoto

Busega. Mvua inapogonga bati la nyumba isiyo na dari, aliyeshika rimoti huongeza sauti ya TV ili taarifa ya habari isikike. Mvua inakatika, lakini namba iliyo kwenye kona ya kioo inabaki palepale. Baada ya wiki chache 40 inakuwa ya kawaida, kisha 50. Siku sabufa inapoingia ndani, nayo inapandishwa kwa mazoea yaleyale.

Katika Kata ya Kalemela, wilayani Busega, kwenye wilaya pekee ya Mkoa wa Simiyu inayopakana na Ziwa Victoria, kama ilivyo kwa vijiji na miji midogo mingi ya Kanda ya Ziwa, sebule moja hubeba mahitaji ya watu wengi. Baba anasubiri mechi ya Simba na Yanga, mama anafuatilia tamthilia, watoto wanataka katuni, na bibi aliyekaa pembeni analalamika kuwa watu wa siku hizi wanaongea kwa kunong'ona. Kila mmoja ana sababu ya kuomba sauti iongezwe. Mtoto wa miaka mitatu aliyekaa chini kwenye mkeka, hatua mbili kutoka kwenye spika, hana wa kumsemea.

Habari njema kwa wazazi ni kwamba sauti nzuri ya kuzunguka sebule haihitaji fedha nyingi. Inahitaji kujua unachonunua, kukiunganisha inavyopaswa na kukiweka mahali pake. Familia ikifanya hayo itagundua jambo linalohusu afya zaidi ya burudani: sauti iliyopangwa vizuri haina haja ya kuwa kubwa.

Kwa nini TV bapa hazisikiki

Wanaokumbuka TV za chogo wanajua kuwa zilikuwa nzito na zilichukua nusu ya kabati, lakini mtangazaji alisikika. Zilikuwa na nafasi ya kutosha kuweka spika ya kueleweka, na nyingi zilikuwa na spika iliyomtazama mtazamaji.

TV bapa za leo ni nyembamba. Spika zake ni ndogo na mara nyingi zimewekwa chini au nyuma, hivyo sauti huelekea sakafuni au ukutani kabla ya kumfikia aliyekaa kwenye kochi. Katika sebule yenye sakafu ya saruji, kuta tupu na bati juu, sauti hiyo hudundadunda na maneno yanagongana. Mtu anasikia kelele lakini haelewi kilichosemwa.

Hapo ndipo wengi wanapokosea dawa. Wanaongeza sauti, na mwangwi nao unaongezeka. Tatizo lilikuwa usafi wa maneno, wala si uchache wa sauti.

Namba 2.1, 3.1 na 5.1 zina maana gani

Kwenye maduka ya vifaa vya umeme, iwe Lamadi, Nyashimo, Bariadi au Mwanza, mteja hukutana na maboksi yaliyoandikwa 2.1, 3.1 au 5.1. Namba ya kwanza ni idadi ya spika za kawaida. Namba iliyo baada ya nukta ni boksi la besi, yaani sabufa yenyewe.

Seti ya 2.1 ina spika mbili, ya kushoto na ya kulia, pamoja na boksi la besi. Seti ya 5.1 ina spika tano: kushoto, kulia, katikati na mbili za pembeni au nyuma ya watazamaji. Katika filamu iliyorekodiwa kwa mfumo huo, spika ya katikati ndiyo hubeba sehemu kubwa ya mazungumzo, na za nyuma hubeba mvua, magari yanayopita au kelele za mashabiki. Huo ndio mfumo halisi wa sauti ya kuzunguka.

Hata hivyo, kuwa na spika tano hakutoshi. Lazima kipindi chenyewe kiwe kimerekodiwa kwa mfumo huo, king'amuzi au kifaa kinachocheza filamu kiutoe, na seti iweze kuusoma, kwa mfano ule wa Dolby Digital. Waya wa kawaida wenye vichwa vyekundu na vyeupe hubeba njia mbili tu za sauti, kushoto na kulia. Seti ya 5.1 inayopokea waya huo peke yake inagawa sauti zilezile mbili kwenye spika tano. Haina ubaya, lakini mnunuzi asilipe zaidi akidhani amepata kitu kingine. Hali ni hiyohiyo kwa seti nyingi za 3.1 za bei ya chini: spika ya tatu inarudia kinachosikika kwenye zile mbili.

Kwa familia inayoangalia zaidi taarifa ya habari, mpira na tamthilia, seti nzuri ya 2.1, au saundibaa moja yenye boksi la besi, inatosha. Ya 5.1 ina faida kwa nyumba inayotazama filamu mara kwa mara. Anayeitaka aangalie nyuma ya mashine kama ina tundu la HDMI lenye maandishi ARC, au tundu dogo la mwanga lililoandikwa Optical. Bila moja ya hayo, kwa kawaida TV haina njia ya kuipa seti hiyo sauti yake kamili.

Wati za kwenye boksi zisikutishe

Maandishi makubwa kwenye boksi, kama 10,000W PMPO, huvutia macho. PMPO ni kipimo cha kibiashara kinachotaja nguvu ya kufumba na kufumbua, tena kwa hesabu ambayo kila kiwanda hujipigia. Kipimo cha kutazama ni RMS, kinachoonyesha nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa mfululizo.

Kama RMS haikuandikwa, kuna njia rahisi. Mteja aigeuze mashine na kusoma kibandiko cha nyuma kinachoonyesha umeme inaotumia. Mashine inayotumia wati 50 haiwezi kutoa zaidi ya wati 50 mfululizo, hata boksi liseme nini. Sebule ya kawaida haihitaji hata nusu ya hizo kwa usikilizaji wa kila siku.

Kibandiko hicho kinasaidia pia kwenye LUKU. Mashine inayotumia wati 50 ikiwashwa saa tano kwa siku inakula robo ya uniti. Kwa siku 30 ni uniti 7.5. Kwa mteja wa kundi la matumizi madogo, ambalo lina ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni moja ya kumi ya ukomo wake. Kiasi halisi huwa chini ya hapo sauti ikiwa ndogo. Nyumba zinazotumia umeme wa jua zihakikishe seti ina tundu la volti 12, kwa sababu kupitia inveta kunapoteza sehemu ya umeme wa betri.

Kabla ya kulipa, mteja aombe seti iwashwe dukani, na asikubali kujaribiwa kwa muziki wenye besi peke yake. Achague taarifa ya habari au mahubiri, apunguze sauti hadi iwe ya chini, kisha asikilize kama kila neno linatoka bayana. Spika inayosema vizuri kwa sauti ndogo ndiyo ya kupeleka nyumbani. Asikilize pia kama kuna mlio wa mfululizo wakati hakuna kinachochezwa.

Kuunganisha bila kubahatisha

Njia iliyo bora ni king'amuzi kuingia kwenye TV kwa waya wa HDMI, kisha TV kupeleka sauti kwenye sabufa. Kwa mpangilio huo, chochote kinachochezwa kwenye TV, iwe king'amuzi, flashi au simu, kinasikika kwenye spika zilezile.

Kutoka kwenye TV, tundu la kwanza la kutafuta ni HDMI ARC, la pili ni Optical, na la tatu ni lile la hedifoni au Audio Out. Hilo la mwisho lipo kwenye TV nyingi na linahitaji waya wa bei ndogo wenye kichwa kimoja upande mmoja na vichwa viwili, chekundu na cheupe, upande wa pili. Kama TV haina tundu lolote la kutoa sauti, waya mwekundu na mweupe utoke moja kwa moja kwenye king'amuzi kwenda kwenye sabufa, huku picha ikiendelea kupita kwenye HDMI. Kwa njia hii kitakachosikika kwenye sabufa ni king'amuzi pekee.

Baada ya hapo, spika za TV zizimwe kupitia menyu ya sauti. Zikiachwa zikisema pamoja na sabufa, maneno yanaweza kusikika mara mbili kwa kupishana kidogo. Seti iliyounganishwa kwa Optical ikikaa kimya, kwenye menyu hiyohiyo sauti ibadilishwe kuwa PCM. Mara nyingi hilo linamaliza tatizo, ingawa sauti inabaki ya njia mbili.

Bluetooth inaokoa waya, lakini katika mashine nyingi sauti huchelewa kidogo, mdomo wa mtangazaji ukatangulia maneno. Kwa muziki haina shida. Kwa TV, waya ni bora.

Jambo dogo linalosahaulika ni rangi za waya za spika. Mwekundu uingie kwenye nyekundu na mweusi kwenye nyeusi, kwa spika zote. Spika moja ikigeuzwa, besi hupungua na sauti inakuwa kama iko kisimani, na mwenye nyumba anaweza kudhani ameuziwa mashine mbovu.

Na aliye na spika za zamani asishawishike kuziunga juu ya zile za seti. Spika mbili zikifungwa sambamba kwenye tundu moja, mashine hulazimika kutoa umeme mwingi kuliko iliyoundwa kuubeba, ikapata joto na hatimaye kuungua.

Mahali pa kuweka kila kitu

Chukua sebule ya futi 12 kwa 12, kochi kubwa likiwa ukutani na TV ukuta wa mbele. Mtazamaji anakaa kama futi 9 kutoka kwenye kioo. Spika za mbele ziwekwe kushoto na kulia kwa TV, zikiachana futi sita hadi nane, zikielekezwa kidogo kwenye kochi. Urefu wake uwe sawa na masikio ya mtu aliyekaa. Spika iliyowekwa juu ya kabati karibu na bati inahubiria panya, na iliyo sakafuni inahubiria miguu.

Spika ya katikati, kama ipo, ikae chini au juu ya kioo ikiwaelekea watazamaji, si ndani ya droo. Kwa wenye 5.1, zile mbili za mwisho zikae pembeni ya kochi, nyuma kidogo ya masikio na juu kidogo ya kichwa cha aliyekaa, na sauti yake iwe ya chini. Spika ya nyuma inayosikika kuliko ya mbele inavuruga mazungumzo.

Boksi la besi likae sakafuni, si juu ya kabati moja na TV. Likisukumwa kwenye kona, besi inavimba na kufunika maneno. Kuna njia inayotumika duniani kote kupata mahali pake: liwekwe kwa muda pale kochi lilipo, muziki uchezwe, kisha mtu atembee kwa magoti ukutani akisikiliza. Pale besi inaposikika imetulia bila kuvuma, ndipo boksi lihamishiwe. Wenye TV za chogo waliweke mbali kidogo na kioo, kwa sababu sumaku ya spika huchafua rangi za picha.

Kisha ushughulikiwe mwangwi, na hapa gharama ni ndogo kuliko zote. Zulia au mkeka mnene mbele ya TV, pazia zito dirishani, kochi la kitambaa na shelfu ya vitabu na nguo vyote hupunguza mdundo wa sauti. Trei za mayai zinazobandikwa ukutani hazizuii sauti kwenda nje kama wengi wanavyoamini, na zile za karatasi zinashika moto kwa urahisi.

Mwisho, kwenye rimoti, besi ipunguzwe na trebo ipandishwe kidogo. Sauti nyingi zinazotofautisha neno moja na jingine, kama s, f na t, ziko juu, mbali na besi. Kama TV au seti ina mpangilio wa usiku au wa mazungumzo, utumike. Unapunguza tofauti kati ya milipuko na maneno, kwa hiyo mtu hahangaiki na rimoti kila tangazo linapoingia.

Nyumba ikishapangwa hivi, mwenye rimoti huenda akashangaa kuwa anapunguza sauti badala ya kuongeza. Bibi naye ana suluhisho lake: asogezewe kiti karibu na spika moja, badala ya nyumba nzima kupandishiwa sauti kwa ajili yake.

Kiasi gani ni salama kwa mtoto

Sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Shirika la Afya Duniani (WHO) na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU), katika kiwango walichokitoa kwa vifaa vya kusikilizia muziki, waliweka ukomo wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na desibeli 75 kwa saa hizohizo kwa mtoto. Kiwango hicho kiliandikwa kwa simu na hedifoni, lakini sikio halibagui sauti imetoka wapi.

Hesabu yake inapaswa kukaa kichwani mwa kila mzazi. Kila sauti inapopanda desibeli tatu, muda salama unakatika nusu. Mtoto wa desibeli 75 ana saa 40 kwa wiki. Kwa desibeli 78 ana saa 20, kwa 81 ana saa 10, kwa 84 ana saa tano, na kwa 87 ana saa mbili na nusu. Kwa 90 anabaki na saa moja na robo kwa wiki nzima, muda usiotosha hata mechi moja ya mpira.

Sababu iko ndani ya sikio la ndani. Kuna seli zenye vinyweleo vinavyotikiswa na sauti na kuigeuza kuwa ishara za kwenda kwenye ubongo. Kelele kubwa huzichosha, na zikichoshwa mara nyingi hufa. Kwa binadamu seli hizo haziotei tena. Ndiyo maana usikivu uliopotea kwa kelele hauna dawa ya kuurudisha.

Nyumbani hakuna haja ya kipimo cha maabara. Watu wawili wasimame wakiachana kwa urefu wa mkono. Kama mmoja analazimika kupaza sauti ili mwenzake amsikie, kelele hiyo iko katika desibeli 85 au zaidi. Jaribio hilo lifanyike pale mtoto anapokaa, siyo kwenye kochi la baba, kwa sababu kadiri mtu anavyokaribia spika ndivyo sauti inavyozidi. Programu za bure za simu za kupima desibeli husaidia kukadiria, ingawa usahihi wake hutofautiana kati ya simu na simu. Kengele au mlio unaobaki masikioni baada ya TV kuzimwa ni onyo kuwa sauti ilipita kiasi.

Tatizo la wengi ni kuwa kipimo chao cha sauti nzuri kimetoka kwenye kibanda umiza au kwenye sherehe, ambako besi lazima itikise kifua. Ukumbi una watu mia na kelele zao. Sebule ina watu sita, na mmoja wao ana miaka mitatu.

TV inayowaka kutwa nzima

Hata sauti isiyofikia kiwango cha kuumiza sikio ina gharama kwa watoto wadogo inapokuwa haizimwi. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Dk Dimitri Christakis wa Chuo Kikuu cha Washington walichapisha matokeo ya watoto 329 wa kati ya miezi miwili na miaka minne, waliovalishwa vinasa sauti vidogo. Waligundua kuwa kila saa moja ya TV inayosikika iliambatana na upungufu wa maneno 770 ambayo mtoto aliyasikia kutoka kwa watu wazima. Mtoto naye alitoa sauti chache zaidi.

Mtoto hujifunza kusema kwa kusemeshwa. Nyumba ambayo sabufa inaunguruma kutoka asubuhi inawanyima wazazi nafasi hiyo bila wao kujua. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2019 unasema mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya kioo, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na kwamba ikiwa pungufu ni bora zaidi. Sheria rahisi ya nyumbani inaweza kuwa hii: hakuna anayeitazama, inazimwa.

Usiku, ukuta usiofika juu

Nyumba nyingi zisizo na dari zina kuta za vyumba zinazoishia chini ya bati, na juu yake hewa ni moja. Sauti ya sebuleni inaingia chumbani kwa watoto kama hakuna ukuta. Hata penye dari, besi hupenya kuta kuliko sauti nyembamba, ndiyo maana jirani husikia mdundo asisikie maneno.

Mtoto wa miaka mitatu hadi minne anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, kwa mwongozo huohuo wa WHO. Watoto wakishalala, boksi la besi lizimwe au lipunguzwe kabisa, na spika za mbele zibaki kwa maneno. Kwa wale wanaodhani jirani hana la kufanya, Tanzania ina kanuni za mwaka 2015 za udhibiti wa kelele na mitetemo, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Lakini ujirani mwema hauhitaji kufika huko. Mechi kubwa ikiwa usiku, kumwarifu jirani mapema, au kumkaribisha, kunatosha.

Spika zinazoanguka, waya na radi

Mtoto anayejifunza kusimama hushika chochote. TV iliyo juu ya kabati jembamba na spika ndefu iliyosimama yenyewe zinaweza kumwangukia. TV ifungwe ukutani au kwenye kabati pana na fupi, spika zisiwe ukingoni, na rimoti au midoli isiwekwe juu ya TV, maana ndiyo inayomfanya apande. Waya zipite nyuma ya fanicha na zifungwe pamoja. Ekstensheni moja isibebeshwe TV, sabufa, friji na pasi.

Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa yanayopigwa na radi nyingi duniani. Mawingu yakianza kuunguruma, kuzima kwa rimoti hakutoshi. Plagi ichomolewe, na waya wa dishi au antena utolewe kwenye king'amuzi, kwa kuwa radi huweza kuingia kwa njia hiyo na kuua TV na sabufa kwa pamoja. Kazi hiyo ifanywe mapema, kabla radi haijafika juu ya nyumba.

Anapoomba sauti iongezwe, msikilize

Wakati mwingine kasoro haiko kwenye TV. Mtoto anayeomba sauti iongezwe wakati wenzake wanasikia, anayesogea mpaka kwenye kioo, anayegeuza sikio moja, anayesema "ee?" kila anapoitwa au anayeitwa mtukutu shuleni kwa kuwa hafuati maelekezo, huenda hasikii vizuri. Vivyo hivyo mtoto mdogo ambaye hashtuki mlango ukigongwa, au anayechelewa kusema.

Sababu nyingi zinatibika. Nta iliyojaa, kitu kilichoingia sikioni, au maambukizi ya sikio la kati yanayotoa usaha, yote hupunguza usikivu. WHO inakadiria kuwa karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto unatokana na sababu zinazoweza kuzuilika. Sikio linalotoa usaha si la kusubiri likauke lenyewe. Mzazi asimwage mafuta, maji ya majani wala dawa ya kuazima, na asichokonoe kwa njiti ya kiberiti au pamba za vijiti.

Hatua ya kwanza ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Ikihitajika, mgonjwa atapewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Simiyu iliyoko Bariadi, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando jijini Mwanza. Kwa bibi na babu ni vilevile. Usikivu hupungua kwa umri, lakini kabla ya kusema ni uzee, apimwe. Pengine ni nta tu.

Mwenye nyumba anayetaka kuanza anaweza kufanya hivyo leo kabla ya kununua chochote: atandike mkeka mbele ya TV, ashushe besi, amhamishe mtoto mdogo mbali na spika, kisha ashushe sauti namba moja moja mpaka pale maneno yanapokaribia kupotea. Hapo aongeze namba mbili, na awaambie wote nyumbani kuwa hiyo ndiyo namba ya nyumba.